Kozi wa Marekani: sura yake na mipaka ya makao yake

Falco peregrinus anatum ni mojawapo ya nususpishi tatu za kozi zinazozaliana Amerika ya Kaskazini. Charles Lucien Bonaparte ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1838. Mgongo wake ni wa kijivu kilichoiva, karibu na buluu. Kichwa ni cheusi, na chini ya kila jicho hushuka sharubu jeusi pana linaloacha sehemu ndogo tu ya shavu ikiwa nyeupe. Kifua cha ndege mzima ni cheupe chenye wekundu hafifu, na tumboni na ubavuni hukingama mistari myeusi. Kinda aliyeanza kuruka ana mgongo wa kahawia na michirizi ya wima kifuani. Jike humzidi dume kwa karibu theluthi moja ya ukubwa.

Ndugu zake wawili wako upande wa kaskazini na magharibi. Yule wa visiwa na pwani ya Pasifiki, pealei, ni mkubwa na mweusi zaidi. Yule wa nyanda za Aktiki zisizo na miti, tundrius, ni mdogo, amepauka, na masharubu yake ni membamba. Huyu wa mwisho alitengwa na Clayton White mwaka 1968 tu. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa anatum. Kwa hiyo ramani za zamani zinaonyesha makao mapana kuliko za sasa, ingawa hakuna ndege aliyehama. Baada ya mgawanyo huo anatum alibaki na misitu ya Alaska na Kanada, Milima ya Rocky, majabali ya mashariki, na kusini hadi Mexico. Wa kaskazini huhama majira ya baridi. Wengi wa kusini hukaa mwaka mzima. Anatum hajengi kiota: hukwangua kishimo kwenye changarawe ya ukingo wa jabali na kutaga humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu wa ndege Joseph Hickey alikadiria kuwa mashariki mwa Marekani kulikuwa na jozi zipatazo 350. Mwaka 1964 majabali 133 yaliyojulikana tangu zamani yalikaguliwa, na hakuna hata moja lililokutwa na jozi.

Chanzo cha kutoweka kwao kilipatikana mahali pasipotarajiwa: katika makabati ya watu waliokusanya mayai ya ndege. Kwa desturi yao, yai lilitobolewa tundu dogo, ute na kiini vikapulizwa nje, kisha ganda tupu likalazwa kwenye pamba pamoja na tarehe na jina la mahali lilipookotwa. Uharibifu huo wa viota ndio uliookoa ushahidi. Derek Ratcliffe wa Uingereza alipima uzito na ukubwa wa maganda hayo na mwaka 1967 akatangaza kwamba yalianza kuwa membamba ghafla katika miaka ya 1940, wakati dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilipoanza kutumika mashambani. Mwaka uliofuata Hickey na Daniel Anderson walionyesha hali hiyohiyo Marekani. Sumu hiyo ilipita kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege mdogo, kisha ikajilimbikiza katika mafuta ya kozi na kuzuia chokaa kuingia kwenye ganda. Mama akiyaatamia mayai, yalipasuka chini yake.

Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972. Mashariki, hata hivyo, hakukuwa na mbegu iliyobaki. Tom Cade, aliyeanzisha shirika la Peregrine Fund mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Cornell, alizalisha kozi vizimbani na kuwaachilia kwa mbinu ya kale ya wafugaji wa kozi: makinda huwekwa ndani ya sanduku juu ya mnara au jabali, hulishwa bila kumwona mtu, kisha hufunguliwa wakati mabawa yamekomaa. Kufikia 1983 kozi walikuwa wakizaliana kwenye madaraja ya New York.

Lakini wazazi wao walitoka sehemu mbalimbali za dunia, zikiwemo Hispania, Scotland, Australia na Amerika ya Kusini. Kanada ilikataa mchanganyiko huo. Kituo cha Wainwright, Alberta, kilizalisha anatum pekee. Uamuzi wa Cade ulikuwa wa busara, kwa kuwa majabali matupu yalihitaji kozi kwanza na nasaba baadaye, ila kitabu cha ndege kinachoandika anatum kwa kozi wote wa mashariki ya leo kinawapa jina la waliokwisha kutoweka.

Anatum aliondolewa katika orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini tarehe 25 Agosti 1999. Mwaka 2007 kamati ya wataalamu wa Kanada iliwatathmini anatum na tundrius kama kundi moja, kwa sababu vipimo vya jeni havikuweza kuwatenganisha.