Mazrui na Rodney: mdahalo ambao Katogota bado ina haja nao

Katika mashindano ya midahalo ya vyuo vikuu, waamuzi hujumlisha alama na mshindi akakabidhiwa kombe. Lakini mmoja wa midahalo mikubwa ya wasomi wa Afrika Mashariki uliwaachia wasikilizaji kazi yote ya kuamua. Ulifanyika Kampala mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kati ya Ali Mazrui na Walter Rodney.

Mazrui, mwana wa Mombasa, alikuwa profesa wa siasa hapo Makerere. Rodney, mzaliwa wa Georgetown, Guyana, alikuwa akifundisha historia Dar es Salaam. Wote wawili walipata udaktari mwaka 1966, mmoja Oxford, mwingine London. Wakati huo maneno yalikuwa na gharama: Oktoba 1968 Jamaica ilimzuia Rodney kuingia nchini, na mwezi huohuo Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, alitiwa ndani Kampala.

Swali lilikuwa zito: umaskini wa Afrika, nani wa kulaumiwa? Rodney alishika msimamo kwamba Ulaya ilitajirika kwa biashara ya utumwa na ukoloni, na kwamba utajiri huo ndio uliozaa ufukara wetu. Mazrui hakuutetea ukoloni. Alikataa tu kila jambo lielezwe kwa nadharia ya Marx, akisisitiza kwamba Waafrika wenyewe, hasa viongozi wao, wana la kujibu.

Sisi wa Katogota, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, tunaweza kuzipima hoja hizo bila kutoka nyumbani. Chini ya Wabelgiji, wakulima walilazimishwa kulima pamba, na bei haikupangwa nao. Hapo Rodney ana ushahidi. Lakini baada ya uhuru wa 1960 tulitawaliwa na Rais Mobutu kwa zaidi ya miaka 30, na kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa kikiajiri vijana wengi, kikasimama kwa vita vya miaka ya 1990. Hapo Mazrui naye ana la kusema.

Kila mmoja aliendeleza hoja zake baadaye. Mwaka 1972 Rodney alichapisha kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na mwaka 1986 Mazrui akatoa mfululizo wa televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa Waafrika. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Makerere haikukalika tena, na Mazrui akahamia Marekani. Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Mazrui alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa.

Katogota inajua vyema kinachotokea bunduki inapochukua nafasi ya hoja. Usiku wa 14 Mei 2000, raia wasio na silaha waliuawa hapa, na familia zao bado zinadai haki. Ndiyo maana nasema mdahalo si mchezo wa wasomi tu. Shule zetu na vyuo vya Uvira vilichukue swali lile la Makerere, viligawe kwa pande mbili, kwa Kiswahili, na kila kijana alazimike kutetea hata upande asioupenda. Aliyezoea kumsikiliza mpinzani wake mpaka mwisho ni vigumu kumshawishi ashike panga dhidi yake.