Okapi wa Mbeni na Namba za Darubini

Vijana wa hapa Mulekera, mashariki mwa Kongo, wakiniuliza darubini ipi inafaa kwa msitu wetu, ile ya 8, ya 10 au ya 12, mimi huanza na mwaka 1900, kwenye boma la Mbeni karibu na mto Semliki. Hudhani nawapotezea muda. Lakini jibu la swali lao lilipatikana pale, katika ardhi yetu, na gharama yake ililipwa na mtu mwingine.

Mwaka ule Sir Harry Johnston, aliyeisimamia Uganda kwa niaba ya Uingereza, aliingia katika Dola Huru ya Kongo akiwarudisha kwao Wambuti, wenyeji wa msitu wetu, waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja ili wakaonyeshwe Paris. Akawauliza habari za mnyama ambaye mpelelezi Stanley alimtaja kwa maneno machache tu katika kitabu chake cha 1890, mnyama afananaye na punda, anayenaswa kwa mashimo. Wambuti walimjua vizuri, wakamweleza. Pale Mbeni maofisa wa Kibelgiji nao walizijua habari zake, na askari wao walivaa mikanda iliyokatwa kwenye ngozi yake yenye milia. Johnston akapata vipande vya ngozi hiyo, kisha akaingia msituni kumtafuta mwenye ngozi.

Wambuti wakamwonyesha nyayo mbichi. Kwato zilikuwa zimegawanyika mbili. Johnston alikwisha kuamua moyoni kwamba anafuata aina ya punda milia, mnyama wa ukwato mmoja, hivyo akaona wenyeji wanampoteza na kwamba nyayo zile ni za pofu. Akaziacha. Homa ikaupiga msafara, wakarudi.

Vipande vya mikanda vilifika London, na mtaalamu Sclater akampa mnyama jina la farasi: Equus johnstoni. Mwaka 1901 Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa Mbeni, akapeleka ngozi nzima na mafuvu mawili, na hapo ndipo wataalamu walipotambua kwamba huyu, okapi, ni ndugu wa twiga. Ray Lankester akamwekea jenasi yake, Okapia. Kumbe nyayo walizoonyesha Wambuti zilikuwa ndizo zenyewe. Hata hivyo hadi leo vitabu vya sayansi vinamwita Okapia johnstoni, kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona msituni. Kila nikilisoma jina hilo linaniuma, kwa sababu waliomwongoza hadi kwenye nyayo hawakutajwa kwa majina yao.

Kiwanda cha Zeiss kule Jena kilikuwa kikiuza darubini za prizimu tangu 1894, kwa hiyo kioo kizuri kilikuwapo zama zile. Kisingesaidia. Okapi hufikia mita 1.5 begani na uzito unaopita kilo 200, lakini milia ya mapajani humvunja umbo, nao mwanga unaofika chini ya miti ni kidogo mno. Mtu husimama karibu naye akaona majani matupu.

Marehemu mjomba wangu aliijua siri hii bila kioo chochote. Alifanya biashara ya chumvi na vitambaa ng'ambo ya Mangina, kwenye njia ya Mambasa, na Wambuti walimzoea hata wakamchukua kwenye mawindo ya nyavu. Nyavu zile husokotwa kwa nyuzi za mtambaa wa nkusa. Kila familia huleta wavu wake, zinaunganishwa nusu duara, kisha wanawake na watoto wanapiga kelele kutoka upande ulio wazi. Mboloko, paa mdogo wa kilo 4 au 5, hukimbilia wavuni kabla hujamwona. Mjomba alisema wakati wote ule alisikia wanyama wengi kuliko aliowaona. Sikio likishasema mnyama yuko wapi, ndipo jicho linapopewa kazi.

Hapo ndipo namba za darubini zinapoingia. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni: 8x42 hutoa milimita 5 na ushee, 10x42 hutoa 4.2, na 10x25 ile ya mfukoni hutoa 2.5 tu. Alfajiri msituni mboni ya jicho hupanuka, na hiyo ya mfukoni inakuachia giza. Tena ukuzaji mkubwa unakuza mtetemo wa mikono. Baya kuliko yote, kwenye kumi eneo linaloonekana vizuri kwa mara moja ni jembamba. Unazungusha gurudumu, jani la mbele linang'aa na mnyama aliye nyuma yake anayeyuka, unazungusha tena, naye ameondoka. Kwa saba au nane majani na mnyama hukaa pamoja machoni.

Ishango ni habari nyingine. Pale Semliki inapotoka kwenye ziwa, ndani ya hifadhi ya Virunga, kuna uwanda wazi na swala wanaosimama mbali mchana kweupe. Chukua kumi. Ya kumi na mbili nayo inahitaji miguu mitatu ya kuisimamisha, na joto la saa sita huifanya picha icheze.

Sayansi yenyewe ilikuja kukubali kwamba jicho halitoshi. Miaka ya 1980 John na Terese Hart waliwafuatilia okapi wa Ituri kwa kuwavisha mikanda ya redio shingoni. Upande wetu wa Virunga okapi hakuwa ameripotiwa tangu 1959; mwaka 2006 dalili zake zikapatikana, na 2008 kamera zilizofungwa kwenye miti zikampiga picha. Kilichotangulia kamera kilikuwa nyayo, kama mwaka 1900.

Tangu Oktoba 2014 mauaji yametufungia sehemu kubwa ya msitu huu, na wazee waliojua kusoma ardhi yake wanaondoka bila kuhojiwa. Okapi analindwa kabisa na sheria, kwa hiyo nawaambia vijana darubini iwe ya kumtazama tu. Siku njia zitakapofunguka, nunueni 8x42, tafuteni Mmbuti anayezijua nyayo, mlipeni vizuri, na katika daftari lenu jina lake litangulie jina la mnyama.