ORODHA MOJA TU: KUMBUKUMBU YA VIJANA AROBAINI WA BUTA



Kamati ya jamii imetuomba sisi walimu tuandike katika toleo hili la kumbukumbu habari ya historia itakayowafaa vijana wetu. Tumechagua habari ya shule moja ya Kikatoliki ya nchini kwetu Burundi, yaani Seminari Ndogo ya Buta, katika Jimbo Katoliki la Bururi, kusini mwa nchi. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina hilo. Lakini yaliyotangulia siku ile ya msiba hayasimuliwi sana, na mtu asiyeyajua anaweza kudhani kwamba vijana wale walipata ushujaa kwa ghafla, kama mvua inyeshavyo bila wingu. Sivyo. Ushujaa wao ulifundishwa na ulizoezwa, tena shuleni. Ndiyo maana habari hii inatuhusu sisi walimu kwanza.

Shule na orodha zake

Kila mwalimu anaanza kazi yake ya asubuhi kwa orodha ya majina. Ni kitu kidogo, lakini katika nchi zetu orodha ya shule imewahi kuwa kitu cha kuogopesha.

Wakati wa Wabelgiji, shule kubwa ya kuwaandaa makarani na watawala wa Ruanda-Urundi ilikuwa ile ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya mabradha wa Kanisa. Wanafunzi wake waliandikwa kwa kabila, na wengi waliopokelewa walikuwa wana wa watawala wa Kitutsi. Hivyo shule ya Kanisa, iliyowafundisha watoto kwamba Mungu ni Baba wa wote, iliwagawa watoto hao hao katika daftari. Ni vema tuliseme jambo hili wazi, kwa kuwa sifa isiyotaja kosa si historia.

Mwaka 1972 orodha zilitumika kwa kuua. Baada ya uasi uliozuka kusini mwa nchi mwezi wa Aprili, utawala wa wakati ule uliwasaka Wahutu waliosoma: walimu, makarani, mapadre, hata wanafunzi wa sekondari walioitwa kwa majina wakapakiwa katika magari na hawakurudi tena. Waliouawa mwaka ule ni zaidi ya laki moja. Mmoja wao ni Padre Michel Kayoya, mwandishi na mshairi, aliyeuawa huko Gitega mwezi wa Mei. Wazee wetu waliokimbilia Tanzania wakati huo ndio waliofyeka mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Mwaka 1993, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mara hii huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi ndio waliokusanywa na kuchomwa moto, makumi kwa makumi. Mwezi wa Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa katika Chuo Kikuu cha Burundi, Bujumbura. Tumetaja pande zote mbili kwa makusudi. Kila mmoja wetu hapa kambini anao wafu wake, na ni rahisi kukumbuka wa kwako na kusahau wa jirani. Lakini kaburi la mtoto ni kaburi la mtoto.

Miaka mitatu na nusu ya mafunzo

Katika hali hiyo ndiyo Padre Zacharie Bukuru alikuwa gombera wa Seminari Ndogo ya Buta. Seminari ndogo ni shule ya sekondari kama nyingine, yenye hesabu, lugha na sayansi, ila inawalea pia vijana wanaofikiria kuwa mapadre. Pale Buta walilala Wahutu na Watutsi katika mabweni yale yale. Nje ya shule vita vilikuwa vinaendelea. Kulikuwa na vijana waliofiwa na ndugu, na kila waliporudi kutoka likizo walileta habari za vilima vyao: nani ameuawa, na nani amemwua.

Gombera angeweza kukataza maneno hayo na kusema, "Hapa tunasali tu." Hakufanya hivyo. Yeye na walezi wenzake waliwaacha vijana waseme. Waliitisha mazungumzo ya wazi juu ya ukabila na historia ya nchi, kila upande ukasema uchungu wake na upande mwingine ukasikiliza. Pamoja na hayo walikazania sala, michezo na ngoma, ili vijana wasibaki peke yao na hofu zao. Baadaye Padre Bukuru aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake juu ya vijana hao arobaini.

Tena tusisahau huduma ndogo ndogo za kila siku. Aliyepata kusoma shule za aina hiyo anazijua: zamu ya kufagia bweni, zamu ya kugawa chakula mezani, kazi ya shamba, kumwangalia mwenzako mgonjwa. Mtu anaweza kuziona kazi hizo kuwa ni adhabu. Lakini kijana aliyekugawia maharagwe mwaka mzima bila kuangalia kabila lako, na wewe ukamfulia shuka alipokuwa na homa, si rahisi tena kumwita adui. Mkono ukizoea kutumikia, moyo hufuata.

Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1997

Siku hizo za Pasaka, wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa wametoka katika mafungo. Gombera alieleza baadaye kwamba walirudi na furaha asiyoielewa vizuri: walisali, waliimba, na walikwenda kanisani wakicheza, wakisema kwamba Mungu ni mwema na wamekutana naye. Ilikuwa shukrani ya watu waliokuwa na kidogo sana, katika nchi iliyokuwa inawaka moto.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili, kundi la waasi wenye silaha liliingia seminarini na kuwakuta vijana bwenini. Wakawaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Tufikirie kidogo maana ya amri hiyo. Sehemu ya vijana wale walikuwa wanapewa nafasi ya kuishi. Walitakiwa kupiga hatua chache tu na kuwaacha wenzao. Wakakataa. Wakarudiwa kuamriwa, wakakataa tena. Ndipo washambuliaji walipowapiga kwa risasi na mabomu ya mkono. Walikufa vijana arobaini, Wahutu na Watutsi pamoja.

Walionusurika walisimulia kwamba katikati ya milio wengine walisikika wakiimba zaburi, na wengine wakiwaombea msamaha wauaji wao. Wengine waliacha nafasi ya kukimbia wakabaki kuwasaidia wenzao waliojeruhiwa. Hapo ndipo tunapoona zamu za bwenini zilikofika. Aliyezoea kumwangalia mgonjwa hakuacha zamu yake hata saa ile.

Leo mahali pale pana kanisa la kumbukumbu, na vijana wale wanaitwa Mashahidi wa Udugu. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwaombea kutangazwa wenyeheri, pamoja na Padre Kayoya na wamisionari watatu wa Italia waliouawa Buyengero mwaka 1995. Ni vema tutazame: yule aliyeuawa mwaka 1972 na hawa wa mwaka 1997 wamewekwa katika faili moja. Orodha iliyogawanywa imeunganishwa tena.

Nyange, ng'ambo ya mpaka

Mtu asidhani kwamba jambo hili lilitokea Burundi peke yake. Wiki sita kabla ya Buta, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, walivamiwa wakati wa masomo ya jioni, wakaamriwa vile vile wajitenge. Nao walikataa. Sita waliuawa usiku huo, na wengine wengi wakajeruhiwa. Rwanda imewaweka wanafunzi wa Nyange katika daraja la mashujaa wa taifa liitwalo Imena.

Lakini Nyange ina habari nyingine. Mwezi wa Aprili 1994, katika parokia hiyo hiyo, Watutsi wapatao elfu mbili waliokimbilia kanisani waliangushiwa kanisa kwa tingatinga, na padre wao alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha kwa kushiriki. Basi parokia moja inatuonyesha mambo mawili. Kanzu haikumfanya padre kuwa mchungaji, na umri mdogo haukuwazuia wanafunzi kuwa walinzi wa ndugu zao. Imani hujulikana siku inapodaiwa.

Habari hii na sisi

Tungeweza kuishia hapo, lakini tuna jambo la kukiri.

Wakati mmoja hapa kambini, baada ya ugomvi wa mpira wa miguu, vijana wetu wa sekondari walianza kukaa kwa mafungu. Wengine hawakutaka kufagia darasa pamoja na fulani na fulani. Baadhi ya wazazi walitujia wakatushauri tutengeneze zamu mbili za usafi na vikundi viwili vya kujisomea, kila kundi "na watu wake", ili kuepusha fujo. Walisema kwa nia njema, na sisi tulikuwa tumechoka. Darasa lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati, na tulitaka amani ya haraka. Tulichukua daftari, tukapiga mstari katikati ya ukurasa, tukaanza kuandika majina upande huu na upande huu.

Kiranja wa darasa alikuja kuchukua chaki, akaona. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, na bomba la maji mtatugawia mawili?" Hatukuwa na jibu. Sisi tuliofundishwa chuo cha ualimu, tuliowahi kuwasimulia wengine habari za Buta, tulikuwa tumeshika kalamu ile ile ya Astrida. Tulichana ukurasa ule. Kesho yake tuliwasimulia darasa zima habari hii mliyoisoma, kisha tukasoma zamu ya usafi kwa alfabeti, orodha moja tu. Hatukuona muujiza. Kulikuwa na manung'uniko, na wawili walikwenda nyumbani bila kufagia. Lakini baada ya wiki chache walifagia. Na watoto wa jamaa zilizokuwa hazisalimiani walianza kupeana daftari.

Tunayataja haya si kwa kujisifu, maana sifa ni ya yule kiranja. Tunayataja ili wazee wetu wajue kwamba mgawanyiko hauji siku zote na bunduki. Mara nyingi huja na daftari, kwa sauti ya upole, ukiitwa utaratibu.

Shukrani

Toleo hili ni la shukrani, nasi tunatoa zetu. Tunaishukuru nchi ya Tanzania, ambayo kwa miaka mingi imewapokea Warundi, na ambayo kufikia mwaka 2014 ilikuwa imewapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa mwaka 1972 na watoto wao. Tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha katika shule za Kikatoliki za Mtakatifu Maria, Tabora, na Mtakatifu Fransisko, Pugu, na ambaye uzeeni alisimamia mazungumzo ya amani ya Burundi hadi kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999. Hakuona Mkataba wa Arusha ukitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, lakini alifanya zamu yake.

Tunawashukuru ninyi wafanyakazi wa mashirika. Mnatuletea chakula, dawa na madaftari mkiwa mbali na jamaa zenu. Ila tunaomba jambo moja, kama ndugu aombavyo ndugu: mnapotuandika katika orodha zenu, na lazima mtuandike, mtukumbuke kuwa sisi ni watu walioogopeshwa na orodha. Mkieleza kwa nini mnauliza swali fulani, mtakuwa mmetupa msaada ambao haumo katika mgao.

Na ninyi vijana, wanafunzi wetu: mkiwa Wakatoliki au Waprotestanti au Waislamu, vijana wa Buta ni wenu. Hatuwaombei siku kama ile, Mungu apishe mbali. Tunawaomba mfanye zile kazi ndogo zilizowatangulia: kumchotea maji bibi asiye na mtu, kumsomea asiyejua kusoma karatasi yake, kukaa dawati moja na yule mnayeambiwa si wenu. Kushukuru kwa mdomo ni vizuri, lakini anayeshukuru kweli hushika fagio.

Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Vijana arobaini wa Buta waliyatimiza maneno hayo kwa damu yao. Sisi tunaombwa tuyatimize kwa jasho tu. Ni deni jepesi, basi tulilipe.

Mungu awapumzishe kwa amani waliolala, na atujalie siku moja kurudi nyumbani tukiwa watu wa orodha moja.