Umejengewa deki mpya ya mbao? Wacha ikauke kwanza, rangi itakungoja

Fundi amemaliza, amebeba balansi yake akatoka, na sasa uko na deki mpya nje ya keja. Mbao inanukia fiti, na wasee washaanza kuuliza nyama choma ni lini. Najua unachowaza: kukimbia dukani uchukue kopo la rangi upake leo leo. Maze, tulia. (Na deki hapa si ile ya kupiga na tambara sebuleni. Ni sakafu ya mbao ya nje, ingawa hata hii utaipiga deki, subiri.)

Mbao mpya iko na maji ndani. Saipresi na paini nyingi za huku kwetu hufika kwa fundi zikiwa bado mbichi. Zile za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa ndizo noma zaidi, kwa sababu dawa husukumwa ndani kwa presha pamoja na maji. Ukipaka ikiwa hivyo, rangi haipati pa kuingia. Inakaa juu juu, maji yakitafuta njia ya kutoka yanaisukuma, na kabla mwaka uishe inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kuikwangua na kuanza upya ni doh nyingine, na kazi ya kuvunja mgongo.

Kujua kama iko tayari hauhitaji mashine. Dondosha maji kidogo sehemu tatu nne, kaa uangalie. Yakinywewa ndani ya dakika chache, mbao iko na kiu, unaweza kuanza. Yakisimama juu kama umande kwa jani la nduma, bado. Mbao iliyokaushwa vizuri inaweza kuwa tayari baada ya wiki kadhaa. Ile ya dawa inaweza kumaliza miezi. Lakini pia usiiache mwaka mzima, jua litaigeuza kijivu.

Kuna time maji hukataa kuingia hata kama mbao imekauka. Hapo kosa ni la randa: imeilainisha hadi inang'aa. Pitisha msasa namba 60 au 80, ukifuata mistari ya mbao. Usiende kwa ule laini sana eti ipendeze, utarudi palepale.

Sasa osha. Ndio, hata kama ni mpya. Iko na alama za penseli, vumbi la msumeno, simiti, na nyayo za mafundi. Sabuni, maji na brashi ngumu ya plastiki zinatosha. Brashi ya waya weka mbali, vipande vyake hubaki kwa mbao, vinashika kutu na kuacha madoa meusi. Jik pia hapana, inakula nyuzi za mbao hadi inatoa manyoya. Na wewe unayetaka kuita kijana wa car wash na mashine yake: ile presha ikikaribia sana inachonga mbao kama patasi. Ukimaliza suuza vizuri, ipe siku mbili za jua.

Kwa rangi, wengi huchoma hapa. Wananunua vanishi kwa sababu inang'aa. Vanishi ni ya meza ya ndani. Nje, jua na mvua zinaipasua. Unataka ile rangi inayonywewa na mbao, mafundi wanaiita steini. Chukua yenye rangi kidogo, si ile ya maji matupu, kwa sababu hiyo rangi ndiyo inazuia jua. Ikichakaa haibanduki, inafifia tu, unaosha na kuongeza.

Paka asubuhi au jioni, si saa saba jua likiwa utosini. Shika mbao mbili tatu, uzimalize kutoka mwisho hadi mwisho kabla ya kwenda zingine. Ukikatia katikati uende kuchukua simu, alama itabaki hapo. Ncha zilizokatwa zipe zaidi, ndizo hunywa maji ya mvua. Baada ya dakika kama 15 hivi, soma kopo lako, futa yote iliyobaki juu. Ikiachwa inanata, na viatu vya wageni vitakushtaki. Miezi poa Nairobi ni Januari na Februari. Aprili sahau.

Vitambaa ulivyofutia usivikunje kona moja ulale. Steini ya mafuta ikikauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe usiku, bila kiberiti. Vianike nje kimoja kimoja vikauke, ama viloweke ndani ya ndoo ya chuma yenye maji.

Na vile vipande vya mbao za kijani vilivyobaki, usiviingize kwa jiko la nyama siku ya sherehe. Dawa zingine za mbao ziko na aseniki, na moshi wake ni sumu. Nunua makaa.