Nyasi Zipi ni Magugu? Historia Fupi ya Ua wa Kampala

Likizo ya mwaka jana nilimsaidia mjomba wangu, ambaye hutunza bustani za watu mjini Kampala. Katika nyumba moja ya Kololo, mwenye nyumba alitaka magugu yote ya upande wa nyuma yang'olewe. Mjomba alikuwa mbele akipunguza michongoma, hivyo kazi ya nyuma akaniachia mimi. Nilipiga magoti asubuhi nzima. Mjomba alipokuja kutazama rundo langu, alishika kichwa. Nilikuwa nimeng'oa ukoka uliopandwa kwa fedha, nikaacha lumbugu imestarehe. Siku ile hakulipwa, na ukoka mpya aliununua mwenyewe.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko chuoni mnasoma historia ya kila kitu. Ya nyasi hamsomi?" Insha hii ni jibu langu kwake.

Kwanza nieleze kosa langu. Ukoka, ambao Waganda huuita kalandalugo, na lumbugu, ambayo Waswahili wengi huijua kama sangari, hufanana sana zikikatwa fupi. Zote hutambaa, na zote huota kwenye kila kifundo. Mjomba alinifundisha kukunja jani kwa nyuma, pale linapokutana na shina. Ukoka una nywele fupi nyeupe zilizojipanga mstari. Lumbugu ina kigozi chembamba. Zikiachwa zichanue, vidole vya ua la ukoka hutoka mahali pamoja kama mbavu za mwavuli, lakini vya lumbugu hupandana kwenye kijiti kimoja. Ndago ni rahisi zaidi: ukiviringisha shina lake kati ya vidole utahisi pembe tatu. Majani haya yote ni ya kijani, na mwenye nyumba akiwa barazani hawezi kuyatofautisha. Anayeweza ni yule aliyepiga magoti.

Lakini swali la mjomba linakwenda mbali zaidi. Nani aliamua kwamba ukoka ni mzuri na mwingine ni gugu?

Katika Buganda ya zamani, nyasi zilijulikana kwa kazi zake. Essubi liliezeka nyumba. Etteete ilitandikwa sakafuni, na mikeka ikawekwa juu yake. Matete yalijenga ua; John Hanning Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, aliikuta ikulu imezungukwa na ua mrefu wa aina hiyo. Huko Kasubi, kwenye jengo lililojengwa mwaka 1882 na ambako Mutesa alizikwa mwaka 1884, kazi ya kuezeka ilikuwa ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi wake ulirithishwa ndani ya ukoo. Hata hivyo, mahali pamoja nyasi hazikukaribishwa: uwanja wa mbele ya nyumba, yaani oluggya. Huo ulifagiliwa kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa. Uwanja wenye nyasi ulimaanisha kwamba mwenyewe amehama, amekufa au ni mvivu. Kwa hiyo mlangoni pa Mganda, kila unyasi ulikuwa gugu.

Ua wa nyasi fupi ulikuja na watu wengine. Kule Uingereza ulikuwa fahari ya matajiri waliokuwa na ardhi wasiyohitaji kuilima, na watumishi wa kuikata kwa miundu. Mwaka 1830 Edwin Budding alipewa hataza ya mashine ya kukata nyasi, na fahari hiyo ikaanza kuwafikia watu wa kati. Waingereza walipoitawala Uganda, walikuja na mazoea hayo. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, na nyumba za maofisa zikazungukwa na nyasi zilizokatwa.

Haikuwa urembo peke yake. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kuchunguza afya ya miji. Alishauri makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe kwa maeneo ya wazi, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Nyasi fupi zikawa dalili ya afya, na pia mpaka kati ya watu. Nakasero ilikuwa ya Wazungu. Hadi leo uwanja wa gofu wa bonde la Kitante umelala kati ya Nakasero na Kololo, na ukiuvuka kwa miguu unaelewa kwamba uwanda wa nyasi unaweza kutenga watu kama ukuta. Waganda wengi waliingia katika maeneo hayo wakiwa na slasha mkononi.

Hapo maana iligeuka juu chini. Udongo mtupu, uliokuwa heshima, ukawa aibu. Nyasi, zilizokuwa aibu mlangoni, zikawa heshima.

Nyasi zenyewe zilisafiri pia. Pasipalamu, inayopendwa sana katika nyua za Kampala, ni ya jamii yenye asili ya Amerika. Nyasi za Kikuyu, zilizopewa jina la Wakikuyu wa nyanda za juu za Kenya, zilipelekwa Afrika Kusini, Australia na Marekani. Kenya watu huzinunua na kuzipanda. Marekani zimo katika orodha ya serikali kuu ya magugu hatari. Tena huko Marekani, klova nyeupe ilichanganywa katika mbegu za ua kwa miaka mingi. Baada ya mwaka 1945 ilikuja dawa iitwayo 2,4-D, inayoua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Kwa kuwa iliua klova pia, klova ikaanza kuhesabiwa kuwa gugu. Mmea haukubadilika hata kidogo.

Bibi yangu, jjajja, alinipa mfano wa karibu zaidi. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya Nakasero. Katika miaka ya 1970 na 1980 uchumi ulipoanguka, wakazi wengi wa Kampala walilima chakula ndani ya mji. Yeye na wenzake waliuchimba ua wa nyuma wakapanda viazi vitamu na maharagwe. "Pasipalamu ilitusumbua kweli," aliniambia. "Tuliing'oa kila wiki." Nyasi iliyotunzwa miaka mingi iligeuka gugu mara tu watu walipoona njaa.

Je, basi gugu ni maoni tu ya mwenye ardhi? Nilitaka kuandika hivyo, lakini mjomba alinizuia. Lumbugu haisubiri maoni ya mtu. Mashina yake hutambaa chini ya ardhi, na kipande kimoja chenye kifundo kikibaki huchipua upya. Mkulima wa kahawa au maharagwe akiipuuza atapungukiwa na mavuno, awe Mganda au Mwingereza. Nadhani ukweli uko hapa: mmea una tabia yake, lakini adhabu yake hutegemea nani anamiliki uwanja na anautaka kwa kazi gani. Historia ya Kampala inaonyesha kwamba wenye viwanja walitoa amri, lakini ujuzi ulibaki kwa waliolipwa kwa siku. Majina kalandalugo, lumbugu na ndago yalihifadhiwa na watu hao, na wengi wao hawakuandika chochote.

Mwezi uliopita nilirudi kazini na mjomba, nyumba nyingine. Kabla sijang'oa chochote nilikunja jani, nikatazama, kisha nikamwita. Aliinama akaangalia. "Hii iache," akasema, akaendelea na kazi yake.