Uvira Ilikwisha Kusema

Msafiri wa Bukavu kwenda Baraka hushuka Kamanyola, akapita Luvungi, Sange na Kiliba, akaingia Uvira na vumbi lake, akala ugali kwa mukeke na kuondoka. Mimi namsihi akae kidogo. Swali lililowagombanisha Wazungu kwa miaka mingi, kama mto Rusizi unaingia Tanganyika au unatoka humo, lilijibiwa hapa mapema.

Vitabu vingi huwapa sifa ya jibu hilo Livingstone na Stanley, waliofika kaskazini mwa ziwa Novemba 1871 na kuukuta mto ukiingia. Ng'ambo, huko Mugere nchini Burundi, jiwe lenye tarehe 25 Novemba 1871 linawakumbuka. Sikubaliani na hesabu hiyo. Aprili 1858 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kusema kwake kwa taabu. Wapiga makasia, waliokuwa chini ya Kannena, walikataa katakata kusonga mbele hadi mtoni kwa hofu ya watu wa huko. Ndipo watoto watatu wa Maruta, mtawala wa hapo, wakaja kuwaona wageni. Walipoulizwa habari za Rusizi walisema kwa sauti moja kwamba unaingia ziwani, na waliosimama pale wote wakaitikia. Burton mwenyewe aliyaandika hayo.

Kisha akakosana na Speke, aliyeshikilia kwamba mto Nile hutoka ziwa Nyanza, yaani Victoria. Speke alikufa 15 Septemba 1864, kesho yake wakutane kwa mjadala mjini Bath. Mwaka huohuo Burton akageuka, akadai kwamba Rusizi hutoka Tanganyika kuelekea Nile. Maneno ya watoto wa Maruta aliyatupa kwa kuwa yalimharibia hoja, na hilo linaniuma hadi leo. Wavira hawakubahatisha. Msimu wa mvua, nenda upande wa Kavimvira utazame: maji ya mto, mekundu kwa tope, yanasukumana kuingia kwenye buluu ya ziwa. Mvuvi gani angekosea?

Baadaye walikuja watu wa mfanyabiashara Rumaliza na biashara yao ya pembe na watumwa, kisha Wabelgiji, bandari ya Kalundu, vita vya 1996, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliyobomoa nyumba kando ya mto Mulongwe.

Lakini katika Uvira yote sijaona hata kibao kimoja cha kuwakumbuka watoto wale wa Maruta. Wakuu wa mji, simamisheni jiwe, na mwaka utakaochongwa uwe 1858.