Kuzoesha injini mpya

Kuzoesha injini ni kipindi cha mwanzo cha matumizi ya injini mpya, ambamo dereva huepuka mizunguko ya juu na mzigo mkubwa ili sehemu zinazosuguana zikae sawa. Kazi kubwa hufanyika ndani ya silinda. Kuta zake hutoka kiwandani na mikwaruzo myembamba inayopishana, ambayo hushika oili na kuzisugua ringi za pistoni hadi zizibe barabara. Ringi zisipokaa vizuri, gesi ya mwako hupenya kuelekea kwenye sampo na injini hula oili. Usahihi wa mitambo ya kisasa umekifupisha kipindi hiki bila kukifuta, hata kwa magari ya kasi. Kwa BMW M3, mtengenezaji humtaka dereva, katika kilomita 2,000 za kwanza, asizidi mizunguko 5,500 kwa dakika wala kilomita 170 kwa saa, na abadilishebadilishe mwendo badala ya kushikilia kasi moja. Baada ya hapo oili ya injini na ya difu humwagwa na kuwekwa mpya. Matairi na breki mpya navyo huzoeshwa, ila kwa umbali mfupi zaidi.